Tequeño Bila Karai

Eleuterio Bracamonte hakuwa na oveni. Hakuwa na mizani, kwa sababu kwa miaka thelathini na mmoja mkono wake ndio uliokuwa mizani. Hakuwa na meno matatu ya juu, upande wa kushoto. Hakuwa na kitabu cha mapishi, wala subira na madaktari, wala siku nyingi: zilibaki wiki tatu tu binti yake afike. Na asubuhi hiyo, akiwa amesimama kwenye mlango wa nyuma wa bekari na sinia lililofunikwa kwa taulo, hakuwa hata na salamu alipoulizwa amekuja kufanya nini.

"Kuoka," alisema.

Don Adelino, mwenye bekari, Mreno aliyehamia mji huu wa milimani, Los Teques, akiwa kijana na ambaye mpaka leo alihesabu chenji kwa Kireno, alifunua taulo. Tequeño ishirini zilikuwa zimelala kwa mstari: vijiti vya jibini nyeupe, kila kimoja kimeviringishiwa ukanda wa unga.

"Wewe? Mkaangaji wa La Neblina? Ngoja nimwite mke wangu aje aone, maana nikimsimulia atasema nimelewa."

"Cheka, Mreno. Ukimaliza kucheka, nipe nafasi."

"Mikate imeshatoka. Tanuri ni lako mpaka saa nne."

Katika mgahawa wa La Neblina watu waliagiza tequeño kabla hata ya kuvuta kiti. Aliyezikaanga alikuwa Eleuterio. Aliyezivingirisha alikuwa Ovidia, katika chumba cha pili, na kati yao palikuwa na ukuta wenye kidirisha kidogo ambacho masinia yalipitishwa. Kwa miezi mitatu ya kwanza Eleuterio hakumjua mwanamke huyo zaidi ya mikono yake. Akaiposa mikono hiyo, kama alivyopenda kusema harusini kwa watu, na mengine yote akayakuta baadaye.

Mwezi Machi moyo wa Ovidia ulimwangusha kwenye ngazi za soko. Daktari akampigia marufuku mafuta, akampunguzia chumvi, akamwandikia supu. Tangu siku hiyo Ovidia alikula vijiko vitatu, akaweka kijiko chini, akasema ameshiba. Gauni lake la bluu lilianza kuning'inia kama limetundikwa msumarini. Ndipo ikaja barua ya Nieves, binti yao, muuguzi kule Maracaibo: *Baba, kama mama hali chakula, tarehe thelathini nakuja kumchukua akae kwangu. Wewe unajua kukaanga tu.*

Eleuterio alimsomea mkewe barua yote. Alitegemea angewaka. Ovidia alitazama ukungu nje, akasema, "Sawa."

Neno hilo moja lilimtisha kuliko hospitali. Ndiyo maana asubuhi hiyo alikuwa bekari, na tequeño zisizoguswa na mafuta.

Tanuri la Don Adelino lilifunguliwa baada ya dakika kumi na tano. Jibini ilikuwa imetoka kila mahali. Ilikuwa imechuruzika, ikaganda kwenye sinia kama nta, na vile vikanda vya unga vilibaki vitupu, vimepinda, kama soksi zilizovuliwa.

"Jibini yako imeomba uhamisho," alisema Don Adelino.

"Kwenye mafuta haijawahi kunifanyia hivi."

"Kwenye mafuta haina muda wa kufikiri, kaka. Humu ndani inafikiri."

Alhamisi alirudi. Alikuwa amekanda unga mgumu zaidi na kuviringisha mara mbili. Zikaiva ngumu kama chaki, na jibini ikatoroka vilevile, kupitia ncha. Don Adelino safari hii hakufanya mzaha. Alimfungia mikate miwili kwenye karatasi, akakataa pesa, na jambo hilo lilimuumiza Eleuterio zaidi ya mzaha.

Jumamosi asubuhi aliandaa kila kitu mezani nyumbani. Jibini alikuwa ameiloweka kwenye maji siku mbili, akiyabadilisha kila baada ya saa chache, ili chumvi itoke. Ovidia alikuwa kwenye kiti chake, na shali mabegani, akiangalia ukuta. Eleuterio alisukuma unga, akakata ukanda, akaanza kuzungusha. Vidole vyake, vilivyozoea mwiko na moto, vilikuwa vinene kwa kazi hiyo.

"Unamfunga mgonjwa bendeji?" Ovidia aliuliza.

Hakugeuka, asije akamnyamazisha. "Navingirisha."

"Hivyo sivyo kuvingirisha. Na hiyo jibini inalia maji. Umeikausha?"

"Nimeitikisa."

"Ameitikisa! Mzee, jibini si mbwa."

Kiti kililalamika. Akasikia ndara zake sakafuni, polepole, na kisha ubavu wake ukasukumwa kidogo na nyonga aliyoijua. Ovidia alitandaza taulo safi, akapanga vijiti vya jibini juu yake, akavikandamiza kama anayekausha mguu wa mtoto. Akachukua ukanda. Akaanzia kwenye ncha, akaifunika kwanza, kisha akapanda kwa mshazari, kila mzunguko ukikalia nusu ya mwenzake, mpaka ncha ya pili, na hapo akafinya mara tatu. Haikumchukua muda wa kupumua mara mbili.

"Tatu," alisema. "Ukifinya mara moja, inafunguka. Ukifinya mara kumi, unapata donge lisiloiva."

"Sasa nizipeleke kwa Mreno?" Eleuterio aliuliza sinia lilipojaa.

"Uzipeleke wapi? Hazijapoa." Alibeba sinia mwenyewe, kwa mikono miwili, akalisukuma dirishani, akafungua kioo. Ukungu wa mlimani uliingia na baridi yake. "Saa nzima. Zikakamae kabisa."

Eleuterio alilitazama sinia pale dirishani. Alikuwa ameona sinia kama hilo, au nusu yake, kwa miaka thelathini na mmoja, kwa mbali, nyuma ya mabega ya Ovidia. "Kule La Neblina," alisema taratibu, "ulikuwa unaziweka dirishani. Nilidhani huna nafasi mezani."

"Ulidhani naziweka kwa urembo?"

"Nilikuwa nakupigia kelele unacheleweshea wateja."

"Ulikuwa unapiga kelele, ndiyo. Na tequeño zako hazikupasuka hata siku moja, na wateja walikuwa wanakusifu wewe." Alisema bila hasira, akipangusa unga vidoleni. "Jibini ikiwa baridi, unga unawahi kuiva kabla yenyewe haijayeyuka. Kwenye karai au kwenye tanuri, ni hivyohivyo. Mafuta yanasamehe kidogo, basi."

Eleuterio alichukua kisu. Akakata ukanda mwingine, akampa.

Ovidia alipaka ute wa yai juu ya kila moja, na saa ilipotimia waliteremka pamoja mpaka bekari, yeye akisimama kwenye kila kona kupumua, Eleuterio akijifanya anapumzisha mkono wenye sinia. Don Adelino alivua kofia. Tanuri lilikuwa na moto mkali. Dakika kumi na mbili baadaye tequeño zilitoka za rangi ya mkate, zimefunga midomo, zote ishirini.

Ovidia alivuta kigoda, akakiweka kando kabisa ya mlango wa tanuri, kama watu wa mji huo wanavyogombea viti vya karibu na jiko kwenye sherehe ili sinia liwafikie kwanza. Akapuliza moja. Akauma. Wanaume wawili walisimama wakitazama taya lake.

"Si yenyewe," alisema.

Eleuterio aliinamisha kichwa.

"Si yenyewe. Ni ndugu yake, yule anayekwenda kanisani." Akamaliza iliyokuwa mkononi, akalamba kidole, akanyoosha mkono kwenye sinia tena. "Mreno, una kahawa, au hapa mnakaribisha watu kwa maneno?"

Alasiri hiyo Eleuterio aliandika kwa herufi zilizosimama wima, alizojifunza shule ya usiku akiwa na miaka arobaini. *Mama yako amekula tano. Sikumlazimisha. Amenigombeza kutwa nzima.* Akaandika na namna ya kufanya: kukausha, kufunika ncha, kufinya mara tatu, baridi saa moja.

"Mwambie aje," alisema Ovidia kutoka mezani, alikokuwa akikata vikanda vya Jumapili. "Lakini asije na sanduku tupu la kubebea nguo zangu. Alete lililojaa, lake, akae."

Akaandika hivyohivyo. Gundi ya bahasha ilikuwa imekufa kwa unyevu. Ovidia aliichukua, akapitisha kidole chenye ute wa yai kwenye ukingo, akakunja, akafinya: mara moja, mbili, tatu. Kisha akaiegemeza dirishani, kando ya sinia, ikauke.

Jumatatu, posta, karani aligonga muhuri juu ya stempu, akapapasa ule ukingo wenye mikunjo.

"Hii kaifunga nani, Don Eleuterio?"

"Anayejua kufunga."

Karani akaisukuma kwenye kidirisha cha ukuta wa nyuma. Kutoka upande wa pili, mahali Eleuterio asipoweza kuona, ilitokea mikono miwili ikaipokea.