Kidole cha Muuza Mkaa

Alikuwa ameisugua mikono kwa sabuni na mchanga mara tatu, lakini mkaa wa miaka kumi na tisa si mgeni wa kufukuzwa asubuhi moja. Basi muuza mkaa akaificha chini ya meza, maana kitambaa cha meza kilikuwa cheupe kuliko sanda, akangoja zamu yake ya kusema.

Barua ya wizara ilitaka wataalamu kumi na wanne wa nishati na mwananchi wa kawaida mmoja. Mwenyekiti wa mtaa alimteua yeye, kwa kuwa kibanda chake kilitazamana na lango la nyuma la ukumbi wa kikao na hangehitaji kusafirishwa.

Alikuja na sentensi moja, aliyoifanyia mazoezi mbele ya mkwewe tangu juzi: msipige marufuku mkaa kabla umeme haujafika kwetu. Nguzo zilisimikwa mwaka aliozaliwa mjukuu wake wa kwanza. Mjukuu ameshaota ndevu. Nguzo zinangoja nyaya, na watu wamezifunga kamba wanaanika nguo.

Wataalamu walibishana. Wa gesi hakutaka kumsikia wa mabwawa. Wa mabwawa alimcheka wa jua. Jambo moja tu liliwapatanisha: mkaa uondoke. Hakuna aliyekuwa na mjomba kwenye mkaa.

Saa tano umeme ukakatika. Chakula hakikuchelewa hata hivyo. Mpishi wa ukumbi alikuwa mteja wake, na magunia mawili ya mkaa yalikuwa yamepita mlango wa nyuma mapema.

Karani akaja na karatasi. "Mama, weka kidole hapa."

"Ya nini?"

"Mahudhurio tu. Kuonyesha ulikuwepo."

"Kwani hamnioni?"

"Sisi tunakuona, mama. Faili ndilo halioni."

Akacheka, akakisukuma kando kidau cha wino. "Kidole hiki kina wino wake." Akabonyeza. "Na mimi nasema saa ngapi?"

"Baada ya kula."

Baada ya kula mwenyekiti wa kikao alitazama saa, akamshukuru mama yetu kwa kuwa nasi, akafunga.

Wiki ya tatu lori la manispaa lilisimama mbele ya kibanda. Askari alishuka taratibu. Mama yake alikuwa akinunua hapo.

"Shikamoo, bibi. Mkaa umepigwa marufuku."

"Marahaba. Nani kasema?"

"Si mlikubaliana." Akafunua karatasi. Juu, akamsomea, pameandikwa *Walioafiki*. Chini ya sahihi kumi na nne, kidole chake, cheusi tii.

"Mimi sikufungua mdomo, mwanangu."

"Ndiyo hivyo, bibi. Wameandika hukupinga."

Magunia kumi na moja yakapakiwa. Askari akampa karatasi nyingine. "Kidole hapa, kwamba tumechukua."

"Nikikataa?"

"Tutaandika ulikuwepo."

Lori likashuka mtaa, likapita jalala bila kupunguza mwendo, likazunguka, likaishia kwenye lango la nyuma la ukumbi. Wataalamu walikuwa na kikao cha pili, na umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Mpishi akafungua lango. Alipomwona muuza mkaa ng'ambo ya barabara, akainamisha uso.

Mkwewe akaja na sufuria ya maharage mabichi kuuliza watapikia nini. Muuza mkaa alikuwa amepiga magoti palipokuwa na magunia, anaokota chenga za mkaa moja moja na kuzitia kwenye pindo la gauni, kama mtu anayeokota meno yake mwenyewe.