Moshi wa Hinda

Mwaka uliofuata mafuriko ya El Nino, Yurub alipata nafasi ya kusomea biashara chuoni Nairobi, na badala ya kulala kwa raha akaanza kukesha kwa wivu. Meza yake ya maziwa ya ngamia sokoni Garissa ilikuwa imenona. Angemwachia nani? Baba alisema Hinda. Hinda, binti wa mke mdogo, mwenye mwanya uliowafanya wanaume wasahau chenji.

"Kwanza nimjaribu siku moja," Yurub akasema. "Akiharibu, nabaki, na chuo kikae."

Na alitaka aharibu. Kibuyu hufukizwa moshi wa kijinga cha moto kabla ya kutiwa maziwa, kidogo tu, yasichache na yanukie. Yurub, uso mkavu, akamwambia nduguye, "Abaayo, dada yangu, fukiza mpaka macho yalie. Kisha ongeza."

Hinda akafukiza kama anayefukuza nyuki.

Asubuhi Yurub alijibanza kwa Mama Muslimo, muuza nguo mkabala na meza yake, nyuma ya madera yaliyotundikwa.

"Umekuja kununua ama kuchungulia?" Muslimo akamwuliza.

"Nachagua dera."

"Chagua basi. Hilo ulilolishika ni pazia."

Akaja Bishar, mwenye hoteli ya chai, mteja mkubwa kuliko wote, mzaliwa wa Mandera. Akaonja. Akafumba macho. Yurub huko nyuma ya pazia akaanza kutabasamu.

"Haya sasa ndiyo maziwa," Bishar akasema. "Marehemu nyanya yangu kule Mandera aliyafukiza hivihivi, mpaka ulimi unakereketa. Kumbe miaka yote Yurub alikuwa akininywesha maziwa ya wagonjwa. Kesho niletee mara mbili."

Mwanya ukaonekana soko zima.

Jioni Hinda alimkumbatia dada yake. "Mwingine angeninyima siri hii, abaayo. Wallahi, ukibaki nitakufundisha moshi anaoupenda Bishar."

Nitakufundisha! Neno hilo lilimchoma Yurub kama mwiba. Afundishwe na mtoto wa mke mdogo, kwenye meza yake mwenyewe, Muslimo akitazama? Akainama, akavuta sanduku kutoka uvunguni.

"Kumbe unakwenda?" baba akauliza.

"Nakwenda. Kama kufundishwa biashara ni lazima, basi afadhali nifundishwe na mtu nisiyemjua."