Suruali Iliyopasuka Mgahawani

Tangu shangazi yangu afungue mgahawa katikati ya mji, fundi cherehani wa duka la jirani alikuwa amemnunia. Alidai kwamba harufu ya vitunguu inaingia kwenye suti za wateja wake.

Jumamosi moja mchana, kijana aliyekuja kula na wazazi wa mchumba wake aliinama kuokota kijiko, suruali ikapasuka nyuma hadi meza ya pili ikasikia. Kijana akabaki ameinama vilevile. Shangazi alivua aproni yake, akamfunga nayo kiunoni, akamshika mkono hadi kwa fundi.

"Fundi, nisaidie. Huyu mtoto wa watu anataka kuoa."

Fundi alimtazama kijana, akajikaza, kicheko kikamshinda. Shangazi naye akacheka mpaka machozi. Fundi akashona harakaharaka huku kijana kajificha nyuma ya pazia.

"Haya, nenda kale ushibe. Nimekuongezea nafasi."

Mezani, mama mkwe alimsogezea sahani. "Kaa mwanangu, chakula kisipoe."

Jioni fundi aliingia mgahawani kwa mara ya kwanza. Shangazi akamvutia kiti, wakapiga soga mpaka mtaa ukatulia.