Mwanangu Hapandi Mizani

Fundi cherehani aliyeshika futi miaka kumi na minne humdanganyi kwa tumbo. Wapo wanaolibana, wapo wanaolivuta ndani mpaka macho yanawatoka, wapo wanaoacha kupumua kabisa. Mama Kengele alikuwa na dawa yao. Alijifanya anatafuta kalamu, akamuuliza mteja habari za jirani yake, na mteja akishafungua mdomo kumwaga umbea, tumbo lilirudi lenyewe mahali pake. Hapo ndipo alipoandika namba ya kweli. Ndiyo maana zipu zake zilikuwa zinafunga.

Jumamosi ile aliyebana tumbo alikuwa mwanawe mwenyewe, wa miaka kumi na mmoja, amesimama juu ya kigoda anapimwa sketi ya shule.

"Pumua."

"Napumua."

"Kengele, mimi ni mama yako halafu ni fundi. Unamdanganya yupi hapo?"

Mtoto akaangalia dari.

Jina la Kengele alilipata kwa kicheko. Akicheka uani, nyumba ya tatu wanauliza kuna nini. Lakini zilikuwa zimepita wiki kadhaa kengele hailii. Mama yake aliona, akasema ni umri. Aliona pia sahani zinavyorudi jikoni, wali umetandazwa pembeni ili uonekane umeliwa, akasema ni joto. Sasa futi ilikuwa mkononi, na futi haikuwa na kisingizio. Tangu sketi ya mwisho mtoto alikuwa amerefuka vidole viwili, na kiuno kimepungua.

"Leo umekula nini?"

"Mia na thelathini."

"Mia na thelathini nini?"

"Kalori, mama. Yai na chungwa." Akashuka kwenye kigoda. "Nikijitahidi hivi hivi, kesho sitakuwa wa mwisho."

Mama Kengele akakaa kwenye kiti cha cherehani, futi shingoni.

Kalori ililetwa na shangazi. Huyo ni dada wa baba yake Kengele, ambaye ukoo mzima ulimwita Dada Mkubwa, mpaka mama yake mzazi naye akawa anamwita hivyo hivyo. Alikuwa msimamizi wa makarani, mtu wa kupanga foleni na kuzinyoosha. Kazini walimpeleka semina ya siku mbili ya afya, akarudi na mizani ya kioo na mpango. Kwenye simu akafungua kundi la ndugu akaliita Ukoo Mwepesi. Kila Jumapili, watu wakikutana kwa Mama Kengele kula chakula cha mchana, ilibidi kwanza wavue viatu, wapange mstari, wapande mizani mmoja mmoja. Dada Mkubwa alisoma namba kwa sauti ya mtu anayeita wagonjwa, kisha akaipachika kundini kwenye jedwali: aliye mwepesi zaidi wa kwanza juu, aliye mzito zaidi wa mwisho chini. Watoto nao wana jedwali lao. Kengele alikuwa wa mwisho wiki sita mfululizo. Wiki ya nne kuna mtu aliweka pembeni ya jina lake kapicha ka tembo, na ndugu kumi na mmoja wakacheka.

Ukoo wenyewe, nyie, ulikuwa unadanganya hadharani. Shemeji Dereva, mdogo wa mume, aliwahi kukutwa ameifunga simu yake kwenye kanyagio la cherehani ya Mama Kengele ili imhesabie hatua. Alikuwa na hatua elfu tisa kabla hajanawa uso. Bibi, mama mkwe, alikula kipande chake cha samaki kilichopimwa kwa gramu, kisha akatafuna karanga alizozifunga kwenye pindo la mtandio. Wengine wakiaga walikwenda moja kwa moja kwa muuza chipsi wa kona, mpaka muuzaji akamsimamisha Mama Kengele njiani: "Dada, kwenu siku hizi hampiki? Wageni wenu wananimalizia viazi."

Na kabla ya hapo nyumba ile ilikuwa inakula! Wali, maharage, samaki, mboga za majani za aina mbili, tikiti limekatwa vipande kwenye beseni. Wakimaliza, meza inasogezwa, kamba inatolewa, Bibi anashika upande mmoja na Baba Kengele upande wa pili, watu wanaruka mpaka majirani wanaingia bila kubisha. Namba pekee iliyohesabiwa pale uani ilikuwa ya miruko, na hata hiyo iliibiwa. Mizani ilipokuja kamba ikabaki msumarini. Dada Mkubwa alisema mchezo ambao simu haikuusajili si mazoezi.

Jioni Baba Kengele, fundi bomba, alirudi na matope mpaka kwenye viwiko. Mkewe alimngoja anawe kwanza.

"Kesho mwanangu hapandi mizani."

Mume akaendelea kusugua kucha ambazo zilikuwa zimeshatakata. "Mama Kengele, yule dada ndiye aliyenilea mimi. Unajua."

"Alikulea wewe. Huyu namlea mimi. Leo nimemuuliza amekula nini, amenitajia namba. Chakula amekisahau jina, baba!"

"Basi mwambie taratibu."

"Nitamwambia taratibu. Nikimaliza taratibu, usinishike mkono."

Jumapili akapika sufuria zote. Hakupima kitu. Dada Mkubwa aliingia saa sita na nusu, mizani ameikumbatia ndani ya taulo kama mtoto mchanga, akaiweka barazani, akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo.

"Haya, viatu! Leo tunaanza na watoto, wasije wakajaza matumbo maji."

Kengele akavua viatu. Akavua na soksi. Kisha, na hapa Mama Kengele alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, mtoto akainua mikono akaanza kuchomoa vibanio vya nywele, kimoja kimoja, anavipanga ukingoni mwa baraza. Vilikuwa vinne, vya plastiki.

"Kengele, vaa viatu."

Wote wakageuka.

"Wifi, mbona tunacheleweshana?" Dada Mkubwa akasema. "Dakika moja tu hii."

"Mwanangu hapandi. Leo hapandi na Jumapili nyingine hapandi."

"Aa, sasa hiyo ni deko. Mtoto ndiye wa mwisho, na mama ndiye anayemficha. Kwani namba ina nini? Namba haimtukani mtu. Ni namba tu."

"Ni namba tu?"

"Namba tu, wifi."

Mama Kengele akampa Shemeji Dereva mwiko, akaingia ndani, akarudi na daftari.

Ukoo mzima ulilijua daftari lile kwa sura: jalada gumu la bluu, lastiki ya sketi imelifunga tumboni. Mlikuwa na vifua, viuno na nyonga za kila mwanamke aliyewahi kuolewa na ukoo ule au kuzaliwa humo. Mlikuwa na gauni lililoongezwa upana mara mbili wiki ya harusi, na suruali ambayo mwenyewe aliapa imerudi kwa kufuliwa. Wateja walikuja pale wakamwaga siri za mtaa mzima, na Mama Kengele alizipokea na akazisambaza bila aibu, maana umbea aliupenda. Lakini namba ya mtu hakuwahi kuitoa. Si kwa mume wa mtu, si kwa dada wa mtu. Fundi akitoa kipimo cha mteja, afunge duka.

Akavuta lastiki. Akalamba kidole, akafunua, akafunua tena. Bibi akaacha kutafuna.

"Hii hapa. Dada Mkubwa. Suti ya kijivu, ya mwaka jana." Akainua macho. "Nianze na kifua au nyonga?"

"Wifi!"

"Ama nianze na kiuno? Na ya mwaka juzi ninayo, tulinganishe. Shemeji, shika simu uandike kwenye jedwali."

"Mimi nimeshika mwiko," Shemeji Dereva akasema haraka.

"Wifi, hapana. Hapana, usinifanyie hivyo mbele ya watu."

"Kwani ina nini? Si namba tu?"

 Dada Mkubwa, mtu wa kunyoosha foleni, alikuwa ameliokota taulo la mizani na amelishikilia mbele ya tumbo lake kwa mikono miwili. Mama Kengele akalitazama taulo lile mpaka kila mtu naye akalitazama.

"Sijasoma hata moja," akasema, na sauti ilikuwa imeshuka. "Mtu mzima, mwenye watu ishirini chini yake kazini, na umejifunika. Huyu umemsomea wiki sita. Halafu ukamtundika kwenye simu, watu wakamwekea tembo." Shemeji Dereva akainamisha kichwa, na hapo ikajulikana tembo alitoka wapi. Mama Kengele akafunga daftari, akarudisha lastiki. "Sikusomi. Sijawahi, na sianzi leo. Lakini na wewe humsomi tena mwanangu. Si hapa, si kwenye simu, si sikioni kwake."

"Mnadhani mimi nafurahi?" Dada Mkubwa alikuwa analia sasa, kwa hasira. "Baba yetu alikatwa mguu kwa sukari! Mimi ndiye niliyemuuguza, nyie mlikuwa wadogo. Nataka hawa watoto wawe na afya, nimekosa nini?"

"Hujakosa kuitaka. Kwani mimi siitaki? Kwangu soda huioni mpaka aje mgeni. Mboga zipo kila siku, nazifuata sokoni kwa miguu na mtoto mkononi. Nyumba hii ilikuwa inaruka kamba mpaka sakafu inalalamika. Afya naitaka, wifi. Lakini mtoto anayeuogopa wali, hiyo si afya, na kwangu haikai."

Dada Mkubwa akamgeukia mdogo wake. "Na wewe umekaa kimya? Mkeo ananivunjia heshima, wewe umekaa?"

Baba Kengele alikuwa amekaa kweli, juu ya ndoo iliyogeuzwa. Akainuka. Akaenda barazani, akachukua mizani, akanyoosha mkono kwa upole aombe taulo, akaifunga vizuri, pembe kwa pembe, kama alivyofundishwa na dada huyo huyo kukunja shuka.

"Dada," akasema, "nitakubebea mpaka kwenye gari."

Kabla gari halijafika kona, simu zikalia. Mama Kengele ameondolewa kundini. Baba Kengele ameondolewa kundini.

"Na mimi aniondoe!" Shemeji Dereva akapaza sauti barabarani, mwiko juu. "Na tembo wangu! Kengele, baba mdogo wako ni mjinga, umesikia? Nakuomba radhi."

"Mimi hata sikuwa na simu," Bibi akasema, akafungua pindo la mtandio wazi mbele ya watu. "Nani anataka karanga?"

Wakala. Kelele zilirudi, viti vikagombaniwa, Mama Kengele akapakua. Kengele akaitazama sahani yake.

"Mama, hii ni ngapi?"

"Hayo ni maharage."

"Najua. Ni ngapi?"



"Sijui, mwanangu. Na sitaki kujua. Ukiona tamu ongeza, ukishiba acha."

Kengele akala vijiko vitatu, akaacha. Mama yake alitaka kumwambia ongeza, neno likafika mpaka kwenye meno. Akalirudisha, akaukalia mkono wake. Dada Mkubwa alikuwa ametoka getini, ila namba zilikuwa bado zimekaa ndani ya mtoto, na humo huwezi kuingia na daftari. Jioni kamba ikashuka msumarini. Mama Kengele akaruka yeye wa kwanza, mwili wote, kandambili zikaruka kivyake, watu wakalia kwa kucheka. Kengele akaingia, akaruka mara saba, magoti yakamwishia, akaenda kukaa ukutani. Mama yake akaendelea kuruka huku amemgeuzia mgongo, asionekane uso.

Wiki ile simu hazikumpa nafasi. Shangazi mwingine, wa mji wa pili, alipiga kumwambia ukoo unasema yeye ni mkorofi. "Ndiyo, mkorofi ndiye mimi," akajibu. "Una shida nyingine, au ni hiyo tu? Nina pindo la kushona." Mwingine akashauri aende akaombe msamaha. "Nitaenda siku akimwomba mwanangu." Kila jioni alifunga cherehani mapema, wakaenda sokoni watatu, na Kengele ndiye aliyechagua kitakachopikwa. Jumatatu alichagua matango tu. Jumanne matango tena. Wakala matango, hakuna aliyesema kitu. Jumatano akachagua matango na viazi; Baba Kengele alitaka kusema kitu, akakanyagwa mguu.

Alhamisi mchana Mama Kengele alikuwa amepiga magoti sebuleni, anapima urefu wa gauni la mteja, pini tano zimepangwa midomoni. Nje watoto wa jirani walikuwa wanahesabu miruko, wameshafika arobaini na kitu. Kamba ikagonga chini, ikasimama. Kengele akaingia anahema, jasho linamchuruzika shingoni, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Mama, vile viazi vya jana vimebaki?"

Mama Kengele hakuweza kujibu, midomo imejaa pini. Akanyoosha mguu, akaonyesha jikoni kwa kisigino.

"Vyote nile mimi?"

Akatikisa kichwa kukubali, macho kwenye pindo.

"Fundi," mteja akasema kutoka juu, "mbona unanichoma?"

"Mmh," Mama Kengele akajibu. Jikoni mfuniko wa sufuria ulianguka chini, ukazunguka, ukazunguka, na hakuna aliyeinama kuuokota.