Salumu Alipoachishwa Ziwa

Kabla hawajahama Magomeni, Salumu alikuwa mtoto wa kulala. Ukimwogesha, ukamlisha, ukamnyonyesha kidogo, basi, mnaonana alfajiri. Kisha mambo yakafuatana. Walihamia Shangani, hukohuko Mtwara mjini, chumba na sebule nyuma ya nyumba ya mwalimu mmoja aitwaye Doris, na ugeni wa ile nyumba ukamtia mtoto hofu. Hofu haijaisha, magego yakaanza kuota. Magego hayajatulia, likaja joto la Novemba, umeme ukawa unakatika, feni inasimama, mtoto anaamka ameloa jasho.

Kila aliposhtuka, mama yake, Mwanahamisi, alimpa ziwa. Ndiyo njia aliyoijua, na ilikuwa ya haraka. Lakini magego yalipokwisha kuota, na mvua za kwanza zikapunguza joto, Salumu aliendelea kuamka vilevile. Alikuwa amesahau namna ya kulala bila kunyonya.

Mwanahamisi alikuwa fundi cherehani, na fremu yake ya duka ilikuwa karibu na soko. Asubuhi moja alishona mikono ya gauni la bibi harusi, wa kulia akauweka kushoto, wa kushoto kulia, wala hakugundua hadi mteja alipolivaa mbele ya shangazi zake. Jioni ile alirudi nyumbani akapaka maji ya mwarobaini kwenye matiti. Salumu alionja, akakunja uso, akavuta upindo wa kanga ya mama yake, akafuta taratibu, akaendelea kunyonya. Kassimu, mumewe, alicheka hadi akapaliwa.

"Cheka tu," alisema Mwanahamisi. "Wewe unalala."

Kesho yake alimpigia simu mama yake, Bi Zainabu, aliyekuwa anaishi Msimbati.

"Nletee," alisema Bi Zainabu. "Ntoto anakaribia miaka miwili, haki yake kashaipata. Nletee hapa akae na mimi kidogo. Asipoliona ziwa atalisahau."

Kassimu aliazima pikipiki ya rafiki yake wakaenda. Ulikuwa msimu wa korosho, na njia nzima ilinukia mabibo yaliyoiva. Kule nyumbani Bi Zainabu alikuwa ameanika korosho kwenye mkeka uani, kuku wanazizunguka, na Salumu aliposhushwa tu aliwakimbilia kuku. Mwanahamisi alikaa kwenye kigoda anamtazama. Hakuwahi kulala mbali naye hata mara moja tangu azaliwe.

Bi Zainabu alimwinamia sikioni. "Ondoka sasa hivi, angali na kuku wake. Pita nyuma ya jiko."

"Nisimuage, mama?"

"Ukimuaga atalia, na wewe utalia, na Kassimu atawabeba nyote wawili awarudishe. Nenda."

Akaenda. Alipita nyuma ya jiko kama mwizi, kanga ameishika mdomoni. Pikipiki ilipoanza kunguruma hakusikia tena kama mtoto alikuwa anacheka au ameshageuka kumtafuta.

Mjini, jambo la kwanza lililomshangaza ni mwili wake. Alidhani atapumzika. Badala yake matiti yalijaa yakawa magumu kama nazi, na kila alipolia mtoto sokoni, mtoto wa yeyote yule, maziwa yalimtoka yakapenya kwenye blauzi. Alikaa kwenye cherehani amejifunga kanga kifuani. Jioni alikamua kidogo tu kwenye kikombe, apunguze maumivu, kisha akayamwaga kwenye shina la mpapai. Kuyamwaga ndiko kulikomuuma zaidi.

Alimpigia mama yake simu asubuhi na jioni. Bi Zainabu alijibu kwa kifupi: anakula, anacheza, hana homa. Mwanahamisi alipoomba kumsemesha, mama yake alikataa. "Akisikia sauti yako na uso haupo, tutaanza upya."

Siku moja Doris, yule mwalimu mwenye nyumba, alimkuta anaanua nguo. Zilikuwa nguo za Salumu, safi, alizozifua mara ya pili bila sababu.

"Anaendeleaje kwa bibi yake?"

"Vizuri, wanasema."

"Alikulilia sana ulipomuaga?"

Mwanahamisi alikunja kaptula ndogo, akaikunjua, akaikunja tena. "Sikumuaga. Angelia."

"Angelia, ndiyo," alisema Doris polepole. "Mimi wa kwangu niliwahi kumtoroka hivyohivyo nilipokwenda semina Dodoma. Niliporudi, mwezi mzima sikuweza kwenda hata chooni bila kumbeba. Alidhani nikifunga mlango tu nimepotea."

Hakuwa na nia ya kumwumiza. Hata hivyo Mwanahamisi alibaki na maneno yale. Alianza kumwona Salumu anasimama pale uani, mkono umeshika unyoya wa kuku, anageuka kumwonyesha mama, na kigoda kiko kitupu.

Ijumaa hakufungua fremu. Kassimu alipokuwa msikitini, yeye alichukua bodaboda hadi Msimbati, bila kumwambia mtu. Alijiambia kwamba atamtazama tu kwa mbali.

Alifika wakati wa usingizi wa mchana. Uani hapakuwa na mtu. Alijibanza kwenye ua wa makuti, upande wa chumba cha mama yake, na kabla hajatulia akamsikia.

"Mama! Nyonyo! Mama!"

Maziwa yalimtoka papo hapo, yakalowesha gauni hadi tumboni. Alishika ule ua kwa mikono yote miwili. Ndani, sauti ya Bi Zainabu ilikuwa tulivu, kama mtu anayepepeta mchele.

"Mama yuko Mtwara, anashona. Atakuja. Bibi yupo."

"Mama wapi?"

"Mama yuko Mtwara, anashona. Atakuja. Bibi yupo. Lete nguu, mume wangu, tuufute. Huu tayari. Lete na mwenziwe."

Mwanahamisi alisikia kitambaa kikikamuliwa kwenye beseni, miguu midogo ikifutwa. Salumu alilia tena, akauliza tena, akajibiwa maneno yaleyale, hayakuongezwa wala kupunguzwa. Kilio kikawa kinaanguka, kinainuka, kinaanguka. Kisha kikawa mnung'uniko. Kisha kikawa kimya, na katika kimya kile mkono wa Bi Zainabu ulisikika ukipigapiga mgongo mdogo, pole, pole, hadi nao ukanyamaza.

Alikuwa ametaka mwanawe alale bila ziwa. Sasa amelala, na yeye amesimama nje anatamani mtoto aamke alie tena, alitaje tena jina lake.

Bi Zainabu alipotoka alimkuta hapo hapo. Hakupiga kelele wala hakushangaa. Alimshika mkono akampeleka jikoni, akaweka maji motoni, akachovya kitambaa, akamkanda kifuani kama alivyokuwa akimkanda zamani akipata homa.

"Mama, alinitafuta siku ile?"

Bi Zainabu alikamua kitambaa kwanza. "Alizunguka nyumba. Alifungua kila mlango, mpaka kibanda cha kuku alichungulia. Alipochoka alikaa mlangoni akakataa kula. Nikaona ntoto hadanganywi huyu. Nikaanza kumwambia ukweli, kila akiuliza. Sasa analia, lakini analala."

"Ungeniambia."

"Ningekwambia, ungekuja."

Wote wawili walicheka kidogo, bila sauti, wasimwamshe.

"Ingia umtazame," alisema Bi Zainabu. "Halafu uondoke kabla hajaamka."

Mwanahamisi alitikisa kichwa. "Nitamtazama. Ila safari hii sipiti nyuma ya jiko."

Alimkuta amelala kifudifudi, makalio juu, nyayo safi. Alikuwa ameungua jua kidogo. Alinuka moshi na uji, hakunuka tena kama yeye. Mwanahamisi alikaa sakafuni akangoja.

Salumu alipofumbua macho alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayekagua kitu chake kilichorudishwa. Kisha aliinuka, akaja moja kwa moja, akavuta shingo ya gauni.

"Nyonyo."

"Nyonyo imekwisha, mwanangu." Akarudia kwa sauti imara zaidi. "Nyonyo imekwisha. Mama yupo."

Salumu alilia kwa hasira. Alimpiga kifuani penye maumivu, akajitupa chini. Mwanahamisi aliweka mkono mgongoni mwake akauacha hapo. Hakumpa ziwa, wala hakukimbia. Salumu alipochoka aliinuka, akampita mama yake, akaenda kwa Bi Zainabu aliyekaa mlangoni, akapanda mapajani mwake. Alikunywa uji wake pale, anamtazama mama juu ya ukingo wa kikombe. Mwanahamisi hakuwahi kujua kwamba kutazamwa na mtoto wako mwenyewe kunaweza kuuma hivyo.

Kabla ya alasiri alipiga magoti mbele yake.

"Salumu, mama anakwenda Mtwara. Anakwenda kushona. Baba na mama watakuja kukuchukua. Bibi yupo."

Mtoto alilia. Bodaboda ilipoondoka alikuwa bado analia mikononi mwa bibi yake, lakini Mwanahamisi aligeuka akapunga mkono, akaendelea kupunga, na kabla ya kona aliona mkono mdogo ukiinuka nao.

Walimrudisha Shangani wiki iliyofuata. Jioni za kwanza zilikuwa ngumu. Nyumba ileile, harufu ya mama ileile, akakumbuka. Kassimu ndiye aliyemlaza, kwa kuwa kifua chake hakikuwa na cha kuombwa. Aliweka beseni, akafuta miguu, akasema maneno aliyofundishwa na mama mkwe wake, kwa sauti nene isiyozoea mambo hayo. Mara ya kwanza aliyakosea akasema mama yuko Mtwara, anashona, ilhali mama yuko sebuleni anamsikiliza. Umeme ulipokatika hakumtoa mtoto kitandani. Alimpepea kwa kipande cha boksi palepale. Salumu alipopata mafua walimbeba, wakambembeleza usiku kucha, na mafua yalipopita wakarudi kwenye beseni na kitambaa. Ikawa analala. Akishtuka anajigeuza, anashika neti kidogo, anaendelea.

Matiti ya Mwanahamisi yalilainika, kisha yakakauka. Mikono ya magauni ikawa inakaa mahali pake.

Jumapili moja mchana alikuwa anakata kitambaa sakafuni, Salumu amelala kando kwenye mkeka. Mtoto aliinua kichwa, macho nusu, akaangaza chumba.

Mwanahamisi aliweka mkasi chini, akijiandaa.

"Bibi?" aliuliza Salumu. "Bibi wapi?"

Mwanahamisi alisogea mkekani. "Bibi yuko Msimbati, anaokota korosho. Tutakwenda. Mama yupo."

Kichwa kilirudi chini. Alimpigapiga mgongo hadi pumzi ikawa nzito, kisha akatoka nje na simu.

"Mama, amekuulizia. Usingizini."

Upande wa pili ilisikika sauti ya kuku kwa mbali.

"Mimi naye," alisema Bi Zainabu, "kila mchana naweka maji kwenye beseni. Nikishayaweka ndipo nakumbuka hayupo."

"Basi njoo, mama. Njoo ukae na sisi."

"Na korosho nimwachie nani?" Alisikika akiwafukuza kuku. "Zikiisha tu nakuja. Mwambie hivyo. Ila ngoja aamke mwenyewe, usimwamshe kwa ajili yangu."