Kilo Mbili za Jovithe

Mwezi wa saba mwaka 1998, jua la Bujumbura lilikausha nguo za mtaa mzima wa Gasenyi kabla maharagwe hayajaiva jikoni, isipokuwa nguo za Sylvère na mkewe Léoncie. Mashati ya Sylvère yalianikwa Jumatatu, na Alhamisi yalikuwa bado yanadondosha maji kana kwamba yametoka kwenye beseni sasa hivi. Kamba yenyewe ilikuwa ya waya, imefungwa kati ya mpapai na nguzo ya kibaraza. Chini yake palikuwa na dimbwi ambamo bata wa jirani walizoea kuoga. Hakuna aliyeshangaa, kwa sababu kamba ile haikuwa imekausha hata soksi tangu wale wawili wahamie, miaka mitatu nyuma.

Kuhamia ni neno lao. Asubuhi moja ya mwaka 1995 vijana wenye mabomu ya mkono walimfukuza Jovithe na watu wake, na alasiri ya siku hiyohiyo Sylvère na Léoncie walifika na godoro nyuma ya pikapu ya wizara. Walikuta sufuria ya maharagwe bado iko mekoni, wakayala. Walikuta na nguo za Jovithe kwenye kamba, mbichi bado.

Mjini pale kuna jambo ambalo hata majirani wasiosalimiana hulitendeana. Mvua ikitaka kunyesha na mwenzako hayupo, unamwanulia nguo zake, unazikunja, unamwekea hadi atakapokuja kuziuliza. Basi Léoncie naye alizianua nguo za Jovithe, hilo hakuna wa kumnyima. Kitenge alikivaa kwenye harusi za watu mpaka kikachanika. Mashuka aliyakata mapazia. Shati la kaki la shule, la mtoto, alilifanya tambara la kudekia.

Sylvère alikuwa mkuu wa idara katika wizara moja, na alikwenda kazini akiwa mbichi. Maji yalimtiririka mikononi akitia sahihi. Kwenye vikao wenzake walisogeza makaratasi yao na kuendelea kuzungumzia amani. Baada ya mwaka wa kwanza walimwondolea kiti chake cha mto, wakampa cha plastiki. Hicho ndicho kilichomuuma. Vita havikuwa vimemnyima usingizi hata siku moja, lakini kiti cha plastiki kilimkosesha hamu ya kula.

“Tununue mashine,” alisema. “Ya kukausha.”

Wakaenda mjini kwa Bader, ambaye babu yake alitoka Omani na kufungua duka lile wakati ambapo barabara ya mbele yake ilikuwa bado vumbi. Nchi ilikuwa kwenye vikwazo, sukari ilikuwa ya kutafuta kwa tochi, lakini Bader alikuwa na mashine tatu dukani. Zilifikaje, hilo hakuna mteja mwenye adabu aliyeuliza.

“Hii inafua tu,” Bader alieleza. “Hii inakausha tu. Na hii inafua, inakausha, yote ndani yake. Unafunga mulango, unaenda zako kusali.”

“Nyumba yetu ni kadogo sana,” Léoncie alisema, kwa manung'uniko ya mtu aliyepunjwa urithi. “Kwenye dushi ya kuogea kunaingia kitu kimoja tu. Wenye waliijenga hawakufikiria watu.”

“Basi ni hii, Madame. Lakini nikwambie ukweli, wallahi. Inafua kilo sita, inakausha kilo ine. Ukizidisha, zenye zinazidi zitabaki mbichi.”

Sylvère aliinama, akachungulia ndani ya kioo, akagonga ubavu wa mashine kwa vidole kama anayechagua tikiti maji. Hakujua lolote kuhusu mashine, ila alikuwa amezoea kukagua. Aliuliza kama ni ya Ulaya kweli. Akauliza kwa nini ile nyingine ina vitufe vingi zaidi. Alipoambiwa kwamba hii ndiyo inayonunuliwa na wazungu wanaokaa Kibenga, alikata shauri papo hapo.

Umeme haukukatika siku ile ya kwanza. Léoncie alitia kilo zake nne, akafunga, mashine ikanguruma mchana kutwa. Alipofungua, juu kabisa alikuta kitenge cha Jovithe, kizima, bila mchaniko. Chini yake kulikuwa na mashuka mawili, suruali ya mwanamume, na shati dogo la kaki ambalo kifungo chake kimoja kilikuwa kimeshonewa uzi mwekundu. Vyote vilikuwa vikavu, vya moto, na vimekunjwa kwa namna ambayo Léoncie hakujua kukunja. Nguo zake zilifuata, nusu yake kavu. Suruali za ofisini za Sylvère zilikuwa chini kabisa, mbichi kama kawaida.

“Sylvère,” aliita. “Jovithe amekuja kukaa mu mashine yetu.”

“Anachukua nafasi?”

“Kilo mbili.”

“Iyo apana!” Sylvère alikasirika kweli. “Mutu hawezi kuingia tu kwa watu, anajikalia, anachukua nafasi ya wenyewe!”

Aliyasema hayo akiwa amekaa kwenye kiti cha mume wa Jovithe, na kiti hakikuvunjika.

Walizitoa nguo zile, wakazitupa; kufua kulikofuata zikarudi. Walijaribu kutia nguo chache, walijaribu maji ya moto, Sylvère alijaribu kuisemesha mashine kwa Kifaransa. Mwishowe wakarudi kwa Bader kudai garanti.

“Garanti ni ya mota,” Bader alisema, akiendelea kula karanga zake. “Mashine haina kosa. Inakausha kwanza zenye zilitangulia kuanikwa. Mwenyewe iko wapi?”

“Ruziba, kwa kaka yake,” Léoncie alisema.

“Sasa si mumuite achukue vitu vyake?”

Kwa miaka mitatu wazo hilo halikuwa limewajia. Léoncie alimtuma jirani, Fatouma, mwenye bata, ambaye alikuwa na jamaa huko Ruziba. Ujumbe ulikuwa mfupi: Jovithe aje Jumamosi, kuna vitu vyake.

Jovithe alifika mapema, kwa mabasi mawili. Alikuwa amesuka nywele upya. Ufunguo wa nyumba aliufunga kwenye ncha ya kitenge, na mkononi alishika ufagio mpya, kwa sababu alijua nyumba iliyokaliwa na watu wengine itahitaji kufagiliwa kabla ya kuingia. Mtu mwingine angeuona ufagio ule akaelewa. Léoncie aliuona, akafikiri kwamba mwanamke huyu sasa anauza mifagio.

Hakufungua geti lote. Alipitisha furushi.

“Karibu, mama. Nilikuanulia. Angalia, hakuna chenye kilipotea.”

Jovithe alinusa kitenge chake. Akakitazama, akaitazama nyumba.

“Na nyumba?”

“Nyumba nayo tunaitunza, si unaona mwenyewe? Tulipaka na rangi.”

“Mi nilifikiri umeniitia nyumba. Nimekuja na ufunguo.”

“Aa, serrure ya mulango tulibadilisha,” Léoncie alisema kwa upole. “Uyo ufunguo unachoka bure kuubeba.” Halafu huruma ikamshika, kwa maana alijihesabu kuwa mtu mwenye huruma. “Lakini kamba, ile ya kuanikia, unaweza kuibeba. Siye hatuna tena kazi nayo.”

Jovithe aliingia uani, akaifungua kamba kwenye mpapai, akaifungua na kwenye nguzo, akaizungusha mkononi. Ilikauka ilipokuwa inazungushwa. Kisha akapekua furushi, akatoa shati la kaki, akamrudishia Léoncie.

“Hii ni ya mwanangu Bonfils. Ile asubuhi tulikuwa tumeshafika barabarani, akasema hawezi kwenda shule bila shati. Akarudi kuichukua kwenye kamba. Hakutoka.”

Léoncie aliinamisha kichwa kwa kadiri inayotosha mtu kuonekana ana adabu.

“Pole sana, mama. Sasa mi nitaipeleka wapi?”

“Ibaki hapa,” Jovithe alisema. “Hapa ni kwake.”

Akaegemeza ufagio kwenye geti, akaondoka na kamba yake.

Kufua kulikofuata mashine ilitoa nguo zote za Sylvère zikiwa kavu hadi mifukoni. Jumatatu alikwenda wizarani bila kuacha alama sakafuni, na kabla ya saa sita kiti cha mto kilikuwa kimerudi. Mtaani, Léoncie alisimulia habari ya furushi na ya kamba, na watu walisema kwamba siku hizi ni wachache wanaorudisha. Aliwakubalia. Ufagio aliuona ni mzuri, akautumia.

Lile shati ndilo lililobaki. Hutoka kila anapofua, juu ya nguo zote, kavu, lina joto, limefungwa vifungo hadi shingoni. Halina uzito wa kumpunguzia mtu nafasi. Mwanzoni Léoncie alilitupa mara kadhaa, halafu akaona anajichosha. Sasa akimaliza kufua hupangusa kioo cha mashine kwa shati hilo, kisha hudekia maji ya dushi, kisha hulitupa jalalani, na wiki inayofuata hulikuta limekunjwa, safi, linamngoja. Huwaambia wageni kwamba kwa mtu mwenye nyumba ndogo mashine ile ni baraka, maana tangu ainunue hajanunua tena tambara.