Tanzia ya Samaki wa Bi Zdravka

Saa nne asubuhi ya Jumanne, siku ya tatu tangu amnunue, samaki wa Bi Zdravka alilala ubavu, akafumbua mdomo mara mbili, akafa. Bi Zdravka alitazama saa ya jikoni na kuandika wakati huo kwenye daftari. Akaenda kuchukua kijiko cha supu ili amtoe, na aliporudi tangi lilikuwa na maji matupu. Sakafu ilikuwa kavu. Kidirisha cha juu, ambacho hukiacha wazi ili moshi wa pilipili za kuchoma utoke, kilikuwa na alama moja ya unyevu, ndogo kama ukucha. Akaiandika nayo.

Hakuwa mtu wa kuandika ovyo. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mpima maji wa kiwanda cha makopo kule pembeni mwa mji wa Pazardzhik. Hakuna nyanya iliyooshwa asubuhi kabla yeye hajapima, hajaonja na kugonga muhuri. Marehemu mumewe alikuwa akilalamika kwamba mkewe anayajua maji kuliko anavyomjua yeye, na Bi Zdravka hakuwahi kubisha. Tangu mume afariki nyumba ilikuwa kimya mno, ndiyo maana akanunua samaki: wa dhahabu, mnene kiasi, mwenye pengo la mviringo kwenye mkia, kama tiketi iliyokwisha kutobolewa.

Alichota maji ya tangi kwenye chupa ya jamu akaenda dukani. Mwenye duka, Detelin, alikuwa akiwalisha kasa.

"Maiti iko wapi?" aliuliza.

"Imeondoka."

"Imeondoka kwenda wapi?"

"Ndilo ninalotaka kujua."

"Shangazi Zdravka, masharti yako hapo ukutani. Hakuna maiti, hakuna msiba. Haya, lete hayo maji."

Alichovya kijikaratasi cha kupimia, akakitoa kabla hakijalowa vizuri, akakitazama kwa jicho moja.

"Maji mabaya haya."

"Hukukiacha hata sekunde tano."

"Shangazi, mimi nina duka, wewe una chupa ya jamu."

Akaandika kwenye karatasi kwamba samaki amekufa kwa sababu ya maji ya mteja, akagonga muhuri.

"Kama hakuna msiba," alisema Bi Zdravka, "ni nani huyo aliyekufa kwa maji yangu?"

Lakini Detelin alikuwa amesharudi kwa kasa wake. Bi Zdravka alitembea hadi nyumbani akiwa amekasirika kuliko alivyopata kukasirika tangu astaafu. Samaki kufa ni kazi ya Mungu. Kuambiwa maji yake ni mabaya, tena kwa muhuri, hilo lilimchoma. Muhuri ulikuwa kazi yake yeye.

Mji ule mtu akifa, picha yake hubandikwa mlangoni na kwenye nguzo za mtaani, na wanaotoka kununua mkate husimama kusoma, wakasema "Mungu amsamehe" hata kama hawamjui. Jioni ile jirani yake, Bi Tsonka, alimpa picha aliyompiga samaki siku ya kwanza, na asubuhi wakaenda pamoja kwa mchapaji, binti aitwaye Ivayla.

"Jina la marehemu?"

"Hakuwa nalo. Tulikuwa bado tunazoeana."

"Umri?"

"Sijui. Kwangu siku tatu."

"Niweke msalaba au jani?"

"Weka jani. Sikuwahi kumuuliza dini."

Ivayla aliandika bila kuinua macho, maana nyuma yao palikuwa na foleni. Chini ya picha Bi Zdravka aliomba maneno matatu yakolezwe: *Hakufa kwa maji*. Walichapisha karatasi kumi na mbili, wakazibandika kwenye lango la jengo, kwenye duka la mkate, na kwenye nguzo zote hadi kituo cha basi. Wapita njia walisoma. Mzee mmoja alivua kofia. Mama mwingine alisema ni jambo la huzuni kwamba mfiwa ni mmoja tu, samaki mwenyewe akiwa mzuri vile.

Siku hiyo hiyo mchana kengele ya mlango ililia. Alikuwa mwalimu wa udereva, Bwana Yordo, amekunja karatasi ya tanzia mkononi.

"Pole kwa msiba, mama. Lakini huyu ni wangu."

"Wako vipi?"

"Alinifia mwezi wa tatu. Tazama pengo la mkia. Nilienda kuchukua gazeti la kumfungia, nikarudi sikumkuta."

Bi Zdravka alimkaribisha ndani na kufungua ukurasa mpya. Mpaka Jumapili walikuwa wamekuja watu tisa, wote wakiwa wamefiwa na samaki yule yule, kila mmoja siku ya tatu, saa nne asubuhi. Mfumaji mmoja alifiwa mara mbili, kwa sababu alimnunua tena bila kumtambua. Wote walikuwa na karatasi yenye muhuri inayosema maji yao ni mabaya. Mmoja alikuwa ameiweka kwenye fremu ili asisahau kosa lake. Mwingine hakuthubutu tena hata kuweka maua kwenye chombo.

Bi Zdravka alichemsha ngano ya matanga, akaitia sukari na jozi, wakala, na kila aliyeinua glasi ya rakia, pombe kali ya matunda, alimwaga sakafuni tone moja la marehemu. Kisha alimwomba kila mtu alete maji ya kwake. Alipanga chupa tisa mezani, akapima kwa taratibu zake za zamani, akaonja, akatema, akaandika. Ilimchukua mchana kutwa, na kusema kweli hakuwa amefurahi hivyo tangu amzike mumewe. Maji ya Bwana Yordo yalikuwa na chokaa kidogo. Yote tisa yalikuwa mazuri.

Jumatatu walikwenda dukani wote. Samaki alikuwemo kwenye tangi la tatu kutoka mlangoni, akiogelea, pengo la mkia likionekana vizuri.

"Ni yeye," alisema Detelin, wala hakuona haya. "Hufika Alhamisi. Akikutana na mvua, Ijumaa."

"Anapitia wapi?" aliuliza Bi Zdravka, daftari likiwa wazi.

"Juu ya mlango. Mimi simwiti, mama zangu. Anajua kwake."

Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, na samaki yule naye hakuwa na zizi jingine.

"Kwa hiyo unatuuzia samaki mfu!" alifoka Bwana Yordo.

"Nauza samaki anayeogelea. Ulipomchukua, hakuwa anaogelea?"

Bwana Yordo alifikiri, akakiri kwamba alikuwa anaogelea, tena vizuri.

"Mara ya kwanza alifia wapi?" aliuliza Bi Zdravka.

Detelin alijifuta mikono kwenye aproni. "Hapa. Miaka tisa iliyopita. Nilikwenda harusi ya dada yangu, nikasahau kubadilisha maji. Yalikuwa maji yangu, hilo silikatai."

"Basi andika hivyo. Futa karatasi zetu."

"Nikikufutia wewe, shangazi, nitaambiwa niwafutie wote. Nina watu mia tatu wenye maji mabaya kwenye faili. Wakiwa na maji mazuri wote kwa siku moja, duka litasimama kwa miguu gani?"

Wahenga walisema ukweli ukidhihiri, uongo hujitenga. Ule wa Detelin haukujitenga. Ulibaki ukutani, chini ya bango la masharti, na ukweli ukasimama kando yake kama mteja anayesubiri zamu. Bi Zdravka aliandika malalamiko kurasa nne. Mkaguzi alikuja, akamkuta samaki ndani ya tangi, akaandika kwamba bidhaa ipo na haina kasoro, akaondoka. Wale tisa walitawanyika mmoja mmoja. Wanne walinunua dawa ya kusafisha maji pale pale, kwa kuwa walikuwa wameshafika.

Siku ya arobaini Bi Zdravka alibandika tanzia nyingine, kama desturi inavyotaka, akachemsha ngano kidogo ya watu wawili. Tangi alikuwa ameliacha mezani, na maji aliyabadilisha kila Jumamosi, kwa mazoea. Siku chache baadaye, jua lilipokuwa linazama, samaki aliingia kwa kidirisha cha juu. Alipita juu ya jiko polepole, mapezi yakiwa yamechoka, akashuka ndani ya tangi bila kurusha tone. Alikaa humo saa nzima, ametulia, akifungua na kufunga mdomo. Kisha akapanda, akatoka alikoingilia, akaelekea upande wa dukani.

Ilikuwa Jumatano. Alikuwa amekufa Jumanne kwa mtu mwingine.

Tangu hapo hupita karibu kila wiki. Bi Zdravka amemfuatilia kwenye ramani ya mji kwa msaada wa Bi Tsonka, ambaye ana macho mazuri. Kutoka nyumba anazofia hadi dukani, samaki hupita juu ya mito midogo miwili, bwawa la bustani ya mji na chemchemi ya mbele ya posta. Hatui popote. Hutua kwa Bi Zdravka tu.

Jumatano iliyopita, samaki akiwa bado anapumzika, binti wa ghorofa ya chini alipanda ngazi akilia, ameshika karatasi yenye muhuri. Alisema amemuua samaki wa mwanawe kwa maji yake. Bi Zdravka alimkalisha, akaonja maji aliyokuja nayo, akamwambia ni mazuri. Akamwonyesha samaki.

Binti alimtazama samaki hadi kwenye pengo la mkia. Akamshukuru Bi Zdravka sana, akajifuta machozi, akaomba ushauri wa dawa ipi anunue.

Alipoondoka, Bi Zdravka alichota maji kutoka tangini, akayapima mara mbili, akafungua daftari. Aliandika tarehe, saa, na neno *mazuri*. Kisha, kwa kuwa muhuri alishaurudisha kiwandani siku ya kustaafu, akatia sahihi tu, akamfungulia samaki kidirisha hadi mwisho.